Jembe si azabu



Katika shule nyingi za kwetu, mwanafunzi akichelewa, akiongea Kinande darasani ao akisahau kahie yake nyumbani, anapewa jembe. Anatumwa nyuma ya madarasa kulima majani wakati wenzake wanaendelea na hesabu. Desturi hiyo ni ya zamani, wengi wetu tumeikuta, na hakuna anayeishangaa tena. Lakini tuiangalie kidogo. Jioni mtoto yule anarudi nyumbani na kuwakuta baba na mama wametoka shambani, jembe lile lile begani, udongo ungali kwenye miguu. Siku hiyo shule imemfundisha nini juu ya wazazi wake? Imemfundisha kwamba wako katika azabu tangu kuzaliwa mpaka kufa.

Mimi ni mwalimu wa biolojia na jiografia katika shule ya sekondari, mzaliwa wa Kipese, katika milima ya teritwari ya Lubero. Nina diploma ya ISP na miaka kama ishirini mbele ya ubao. Kila mwaka, katika juma la kwanza, nawaomba wanafunzi waandike kwenye kikaratasi kazi ambayo wangependa kufanya. Daktari, mfanyabiashara wa Dubai, padri, mwanamuziki, depite. Mwaka mmoja kijana aliandika "agronome". Nilifurahi sana. Nilipomuuliza agronome anafanya kazi gani, akanijibu: "Mwalimu, ni ule anaamurishaka balimaji." Darasa lote likacheka, na mimi pia.

Jambo hilo lingeweza kuishia kwenye kicheko kama lisingekuwa letu sisi. Jina letu la Bayira wazee wengi wanalifasiri kuwa ni watu wanaolima. Tena Kipese si mahali ambapo udongo umewakataa watu. Hapa kwenye baridi, viazi vya Kizungu, kabichi, karoti, vitunguu, puaro na ngano vinaota pamoja na maharagi na mahindi. Wakati wa Zaire, mboga na maharagi ya Kivu vilipanda ndege mpaka Kinshasa, na magari yalivipeleka Kisangani katika barabara ambayo leo hata kuielezea kwa vijana ni vigumu. Kuna watu wakubwa wa biashara kule Butembo ambao mwanzo wa mali yao ulikuwa mifuko ya mboga za milima hii. Sasa namna gani mjukuu wa watu hao aone jembe kama fimbo?

Watu wakiongea juu ya elimu ya mababu, wanakimbilia upesi olusumba na ekyaghanda. Olusumba, jando la Banande lililofanyika msituni, sisi wa kizazi hiki hatukulipita. Tulitahiriwa dispansere siku ya Jumamosi, na baada ya siku chache tulikuwa njiani kwenda shule tukitembea kama bata. Ekyaghanda, ile nyumba ya moto ambamo wanaume na vijana walikaa jioni, niliona mabaki yake kwa sokulu, baba ya baba yangu. Ni kweli, pale palifundishwa mengi: habari za ukoo, mipaka ya mashamba, nani ameazima shamba la nani, mbuzi gani hajalipwa bado. Lakini kwa maoni yangu, ekyaghanda ilikuwa mahali pa kueleza kwa midomo mambo ambayo mikono ilikuwa imeyashika tangu asubuhi. Tukichukua maneno ya jioni tukaacha kazi ya mchana, tunabaki na ngoma za siku ya sherehe na nguo za kukodi. Mara nyingi hata vyama vyetu vya mila vinaishia hapo.

Mukaka yangu hakujua kusoma wala kuandika. Kila kisha mavuno ya maharagi alitandika mkeka uani, akamwaga maharagi yote, akatuita wajukuu, wavulana na wasichana. Kwanza tulitoa yale yaliyotobolewa na wadudu. Kisha tulitenga rangi: nyekundu, nyeusi, ya manjano, nyeupe, zenye madoadoa, na zile ndefu za kupanda juu ya miti. Mtoto angefikiri kwamba kazi imeisha. Ndipo mukaka alipozichanganya tena kwa mkono wake, ya hii viganja viwili, ya ile kiganja kimoja, kwa kipimo alichokijua mwenyewe. Tuliponung'unika alieleza. Hii inavumilia mvua nyingi. Hii inakomaa mbele, wakati wa njaa. Hii inaiva upesi, haimalizi kuni. Hii majani yake ni matamu kuliko ya nyingine. Mukiweka moja tu na moja ile ikagonjwa, mutakula nini?

Miaka ilipita, nikafika ISP, profesa akatufundisha juu ya faida ya kuwa na aina nyingi za mmea katika shamba moja. Niliandika kila kitu kwenye kahie, na kweli sikupata jipya isipokuwa majina ya Kilatini. Siko peke yangu katika hili. Kwa jirani zetu Rwanda, mwisho wa miaka ya 1980, watafiti wa kituo cha CIAT waliwaita wanawake wakulima waje wachague wenyewe aina za maharagi katika mashamba ya majaribio. Zilipopelekwa vijijini, aina walizochagua wale wamama zilizaa vizuri kuliko zile zilizochaguliwa na wataalamu. Wanawake wale hawakuwa na diploma. Walikuwa na mkeka.

Kuna jambo lingine ambalo naliona kubwa zaidi. Nilipofika miaka kumi hivi, baba alinikatia kipande cha shamba, upana wa hatua sita, kwenye mteremko. Akaniambia: hapa ni pako, ona cha kufanya. Nilipanda vitunguu. Nilivipanda karibu karibu sana, vikatoka vidogo kama marumaru. Baba alipita pale kila asubuhi, akaangalia, akanyamaza. Hakunisahihisha, na hakuruhusu kaka yangu anisahihishe. Msimu uliofuata niliacha nafasi. Siku moja mama fulani aliyepita na mzigo wake akauliza: "Hii shamba ni ya nani?" Wakamjibu: "Ni ya Kambale." Msomaji anajua kwamba kwetu Kambale ni jina la kila mtoto mwanaume wa pili. Tuko maelfu. Ukiita Kambale katika soko la Butembo, nusu ya wanaume wanageuka. Lakini juu ya hatua zile sita, Kambale nilikuwa mimi tu.

Ndiyo maana, tunapoulizwa juu ya afya ya vijana, mimi siangalii kwanza dawa. Naangalia kama kijana ana mahali ambapo jina lake linajulikana kwa kazi aliyoifanya. Udongo ulimpa hivyo mapema sana, mbele ya ndevu. Shule inamwomba asubiri: asubiri ripoti ya mwisho wa mwaka, asubiri diploma ya serikali, asubiri kazi. Anasubiri mpaka miaka ishirini na mitano na hajawa mtu bado. Hata kalenda yetu imepangwa kama vile mvua haipo. Masomo yanafunguliwa mwanzoni mwa Septemba, wakati ule ule wa kupanda. Mtoto anayebaki nyumbani siku tatu kwa kumsaidia mama yake kuweka mbegu anaandikwa "absent", na akirudi anapewa, mumekwisha kujua, jembe.

Wengine hawasubiri. Wanachukua moto ya mtu kwa vèrsement, wanashinda njiani mpaka kifua kinauma kwa vumbi na baridi. Wengine wanateremka Manguredjipa kuchimba zahabu. Wengine wanaingia msituni na bunduki. Miaka kadhaa imepita sasa, nilikutana na mwanafunzi wangu wa zamani aliyetoka kwenye kikundi kimoja cha silaha. Nilimuuliza alikuwa anatafuta nini kule. Nilifikiri atasema franka ao kisasi. Alinyamaza kidogo, akasema: "Mwalimu, kule bananiitaka kapiteni." Nilirudi nyumbani na neno hilo. Kule walimpa jina. Huku tulikuwa tumempa nini?

Mtu ataniambia: mwalimu, unahubiri shamba, lakini shamba liko wapi? Ni haki yake kuuliza. Katika milima ya Lubero watu wamekuwa wengi na vipande vimekuwa vidogo. Baba mwenye vijana sita akigawa mteremko wake, kila mmoja anapata mahali pa kujenga nyumba na kupanda mistari michache. Mbele ya hapo ukoloni ulikuwa umefunga nchi tambarare: Parc Albert iliundwa mwaka wa 1925, ikapanuliwa mara kadhaa, na watu wetu waliokuwa wakishuka upande wa ziwa Edouard wakajikuta wamefungiwa juu kwenye baridi. Kisha ikaja sheria ya 20 Julai 1973 iliyosema udongo wote ni wa Serikali. Juu ya mashamba ya kimila, kifungu cha 389 kiliahidi ordonanse ya Rais, na ordonanse ile ilisubiriwa kwa makumi ya miaka bila kutoka. Kwa hiyo mkulima anamlipa shefu mbuzi wake kwa mila, na siku moja anakuja mtu mwenye karatasi kutoka mjini na kumwonyesha kwamba shamba lina mwenyewe. Kijana anaona haya yote. Hawezi kupenda kitu ambacho baba yake anaweza kunyang'anywa kwa karatasi.

Basi watu wakahama. Vijana wa Kipese, wa Masereka, wa Luotu, walielekea Beni, kisha wakavuka kuingia Ituri, katika msitu wa Mambasa, kutafuta mahali pa kupanda mpunga, muhogo na kakao. Hapa inabidi niseme jambo ambalo katika vitabu vya mila yetu tunalipita kwa haraka. Msitu ule ulikuwa na watu.

Mwaka wa 2017 nilienda kumsalimia mjomba anayelima kakao upande wa Biakato. Mjomba ni mtu wa kazi sana. Alinitembeza katika miti yake kwa furaha, akasema: "Mutoto ya dada, hii pori haikuwa na mwenyewe." Nyuma yetu alitembea muzee Mumbuti aliyekuwa akimfanyia vibarua. Tulipofika kwenye kisiki kimoja kikubwa, muzee alisimama, akaniambia polepole, kwa Kiswahili chake, kwamba pale ndipo walipokuwa wakianzia kutandika nyavu. Mjomba hakusikia, ao hakutaka kusikia. Nilimuuliza muzee anieleze. Wanaume wanafunga nyavu moja kwa nyingine mpaka zinafanya nusu ya duara kubwa ndani ya msitu. Wanawake na watoto wanazunguka kwa mbali, kisha wanakuja wakipiga kelele na kugonga vichaka, wakiwasukuma wanyama kwenye nyavu. Mtoto haketi benchi akisubiri kukua. Ana mahali pake katika mstari, na akinyamaza, mnyama atapita pale pale aliponyamaza, na kambi yote itajua nani alinyamaza.

Mimi kama mwalimu nilisimama na kufikiri: hii ni somo la namna gani, ambamo mtoto wa miaka minane anabeba sehemu ya chakula cha watu wote? Tena nilifikiri juu ya shamba la mjomba. Kakao yake ndiyo iliyowasomesha watoto wake. Kisiki kile kilikuwa shule ya watoto wa mwingine. Siwezi kusema mjomba ni mwizi, kwa kuwa najua alikotoka na hatua ngapi za shamba aliachiwa na baba yake. Lakini siwezi pia kusema pori halikuwa na mwenyewe.

Katika sheria ya nchi yetu, tukisema "watu asilia" tunamaanisha hao: Bambuti, Batwa na ndugu zao. Sheria namba 22/030 ya 15 Julai 2022 inalinda haki zao, pamoja na haki juu ya ardhi wanayoishi na dawa zao za asili. Ni jambo zuri. Nimewasomea wanafunzi sehemu zake, na wengi walishangaa kwamba Mumbuti anatajwa katika sheria, maana kwao jina hilo ni tusi la kuchekeana uwanjani. Lakini sheria haitamfanya mtoto Mumbuti akae vizuri shuleni. Wenzangu wanaofundisha upande wa Mangina na Mbau wanaeleza kwamba watoto hao wanaandikishwa vizuri Septemba, na wakati wa asali wanapotea wote pamoja na wazazi. Walimu wanasema: hawapendi masomo. Kumbe wamekwenda kwenye masomo mengine, ambayo mwalimu wake ni baba na mtihani wake ni mti wa mita thelathini.

Wengine wamejaribu njia nyingine. Kule Kamerun, kwa watoto Baka, wamisionari walianzisha madarasa yanayoitwa ORA, yaani kuangalia, kufikiri, kutenda. Mtoto anaanza katika lugha yake na kwa vitu vya msitu anavyovijua, kalenda inafuata majira ya msituni, na baada ya miaka michache anaingia shule ya wote. Njia hiyo imefika pia Kongo-Brazzaville. Haikumaliza shida zote, walimu na fedha vinakosekana kama kwetu. Lakini angalau pale hakuna anayeita msitu utoro.

Sasa niseme juu ya vita, maana bila hiyo maneno yangu yatakuwa ya mtu wa nchi nyingine. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wanauawa, na wengi wao wanauawa mashambani. Kule Mbau, Oicha, Eringeti, mzazi akimwambia mtoto "twende shambani" anajua anasema nini. Miaka ya karibuni mauaji yalishuka mpaka Bapere, katika teritwari yetu. Upande wa kusini M23 iliingia Kanyabayonga mwisho wa Juni 2024, na mwanzoni mwa 2025 milio ya silaha ilikaribia vilima vyetu, watu wakateremka Butembo na magodoro kichwani. Sitasahau kwamba kwa mtoto wa Beni shamba ni mahali alipoachwa baba yake. Kumpeleka huko kwa nguvu, kwa jina la mila ao la afya yake, ni ukatili. Anayetoka Goma na miradi ya wiki mbili ya "kuwarudisha vijana kwa udongo" afikirie hilo kwanza.

Ndiyo maana sisi tulianza karibu sana na shule, mahali ambapo mtoto anaona paa la darasa. Mama mjane mmoja alituazima kipande cha shamba lake, kama hatua ishirini kwa kumi na tano. Jambo la kwanza tulilokubaliana: hakuna mwanafunzi atakayetumwa pale kwa azabu. Jambo la pili lilikuwa gumu zaidi, juu ya mavuno, nami nitalirudia. Wanafunzi wenyewe walikwenda kuongea na yule mama juu ya masharti, kama inavyofanyika kwetu, wakakaa, wakapewa viazi vya moto, wakaanza kujadiliana. Walirudi wamechoka. "Mwalimu, ule mama iko nguvu kuliko prefe."

Masomo yenyewe ni ya kawaida. Tunapima mteremko kwa kamba na fimbo, na hapo trigonometria inapata kazi. Tunachimba mfereji wa kuzuia maji na kupanda majani ya setaria juu yake, kisha mvua ikinyesha tunatoka kuangalia udongo unasimama wapi. Tunahesabu mikaratusi iliyozunguka chemchemi na kuwauliza wazee maji yalikuwa wapi walipokuwa watoto. Kila mwanafunzi analeta kiganja cha mbegu za maharagi kutoka kwao, na anaeleza aliyoyasikia kwa nyanya yake. Kwa somo hilo Kinande inaruhusiwa, maana hatuna majina yale kwa Kifaransa. Mwaka wa kwanza tulipata rangi kumi na moja.

Mwaka wa masomo wa 2024 tulipokea watoto waliokimbia kutoka kusini. Kati yao alikuwamo msichana aliyekaa karibu na dirisha kwa muda wa miezi miwili bila kusema neno darasani. Aliandika vizuri, alijibu mtihani, lakini mdomo ulifungwa. Walimu tuliongea juu yake, mwingine alishauri apelekwe kwa wanasaikolojia wa shirika fulani kule Butembo, na sikupinga. Siku moja tulikuwa tukipanda viazi. Wavulana walikuwa wanachimba mashimo marefu, wanaonyeshana nguvu. Alisimama nyuma yao, akatazama, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Kwetu hatupandaka hivi. Munaweka mbegu chini sana, itaoza." Wote wakageuka. Akachukua jembe kwa kijana mmoja, akaonyesha. Kijana akauliza kwetu ni wapi, akajibu. Akauliza kwao wanapanda aina gani, akajibu tena, na akaeleza juu ya shamba lao, mahali mto ulipopita, na viazi walivyoviacha vikiwa vimekomaa siku ile ya kukimbia. Hakulia. Mimi ndiye niliyeangalia pembeni.

Sisemi kwamba shamba lilimponya. Baadaye zilikuja siku nyingine za kunyamaza. Nasema tu kwamba darasani alikuwa mkimbizi, na pale kwenye mtaro alikuwa mtu anayejua kitu ambacho wenzake hawakijui. Dakika kumi zile hakuna mtu aliyemhurumia.

Na kwa kuwa nimemtaja msichana, niseme pia kwamba mila yetu haikuwa na haki kwa upande huo. Mukaka aliyejua mbegu zote hakuwa na shamba hata hatua moja kwa jina lake. Mimi nilikatiwa kipande kwa miaka kumi. Dada zangu, waliolima kuliko mimi, hawakukatiwa kitu, kwa sababu "wataenda kwa watu". Sheria ya familia ya 1 Agosti 1987 inamtambua binti kuwa mrithi kama kaka yake, lakini mbele ya mabaraza ya ukoo sheria hiyo inafika imechoka sana. Katika shamba letu tuligawa mistari kwa majina, wasichana na wavulana sawasawa. Baba mmoja alikuja kulalamika kwamba tunawazoesha binti vibaya. Tulimwonyesha mstari wa binti yake. Aliuangalia muda mrefu, akauliza mbolea ilitoka wapi, akaenda.

Nirudi sasa kwenye mavuno, maana hapo ndipo mambo haya yote yanapoharibikia. Wazee wetu wanakumbuka salongo ya wakati wa Mobutu, kazi ya bure ya lazima. Kule Tanzania, Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, akitaka kila shule iwe na shamba ambalo wanafunzi wenyewe wanalipanga na kuona faida yake. Wazo lilikuwa zuri, lakini katika shule nyingi likageuka kuwa kazi tu: watoto wanalima, wakubwa wanapanga. Hata kwetu, kila mtu anajua kabichi za shule zinaishia kwenye sahani gani. Tulipoketi na wenzangu, nilipendekeza mavuno yagawanywe mara tatu: sehemu ya mama mwenye shamba, sehemu ya mbegu, sehemu ya wanafunzi. Mwenzangu mmoja alisimama na kuuliza: na walimu? Hakuwa mtu mbaya. Kwa miaka mingi hajaingia kwenye listi ya mshahara ya Serikali, anaishi kwa franka za wazazi, na wazazi wamekimbia. Tuliongea mpaka taa ikazimika. Mwisho ilikubaliwa kwamba walimu hawatachukua kitu, ila mwalimu anayetaka anaweza kuomba mstari wake na kuulima yeye mwenyewe kama wengine. Wawili waliomba. Yule mwenzangu ni mmoja wao, na puaro zake, nakiri, ni nzuri kuliko za darasa zima.

Tangu wakati ule tumepanda na kukosa kupanda, kwa kufuata habari za vita. Kuna misimu ambayo majani ndiyo yaliyovuna. Wanafunzi wengine wako Butembo, wengine Uganda, wengine sijui. Msichana wa dirishani alifanya mtihani wa serikali, na nilisikia kwamba anauza viazi pamoja na shangazi yake katika soko moja la Butembo. Kwa mama mwenye shamba kuna debe moja la maharagi ya mbegu, rangi tisa kati ya zile kumi na moja. Mbili zilipotea. Mwanafunzi mmoja anasema nyanya yake bado analo lile jeusi dogo, na ameahidi kulileta mbele ya mvua ya Septemba.